Mbita, mji uliowafuata mbu majini

Feri inayotoka Luanda Kotieno huvuka Ziwa Victoria ikiwa imesheheni abiria, magari na kuku waliofungwa miguu. Ukisimama upande wa mbele utauona mji wa Mbita ukijitokeza polepole, na kando yake Kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Ni mandhari ya kumfanya mkazi wa Nairobi asahau moshi na kelele za matatu.

Lakini uzuri huo una mwiba. Jua likishazama, mbu huanza kuimba. Shangazi yangu, aliyeolewa huku, huusikia wimbo huo akanyamaza. Kitindamimba wake aliugua malaria kwa siku tatu tu mwaka wa 1988. Kaburi lake liko hapo hapo bomani.

"Shangazi, mbu hawa wote hutoka wapi?" nilimwuliza.

Asubuhi alinipeleka penye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Maji ya mvua yalikuwa yametuama, na ndani yake viluwiluwi walikuwa wakijipindapinda.

"Hao ndio mbu wa wiki ijayo, mwanangu," akasema.

Hapa Mbita pana tawi la ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliamua kuwafuata mbu huko huko majini kabla hawajaota mabawa. Silaha yao haikuwa sumu ya kiwandani iliyozoeleka, bali bakteria wa udongoni.

Bakteria hao wamesafiri sana. Mwaka wa 1901, Mjapani Shigetane Ishiwata aliwakuta wakiua viwavi wa hariri. Mwaka wa 1911, Mjerumani Ernst Berliner aliwapata katika viwavi wa nondo wa unga, naye akawaita Bacillus thuringiensis kwa heshima ya jimbo la Thuringia. Kisha mwaka wa 1976, katika kidimbwi kwenye jangwa la Negev nchini Israeli, ikagunduliwa aina inayoua viluwiluwi wa mbu. Wataalamu huiita Bti.

Inavyofanya kazi ni ajabu. Bakteria hao hutengeneza chembe ndogo mno za protini. Kiluwiluwi huzila akidhani ni chakula. Tumboni mwake hamna asidi kama mwetu, hivyo chembe huyeyuka, zikageuka sumu na kutoboa matumbo yake. Huacha kula, na kwa kawaida siku mbili hazipiti kabla hajafa.

"Na samaki wetu je?" Shangazi aliuliza nilipomweleza. Hilo ni swali la haki, kwani ziwa ndilo shamba la watu wa huku. Jibu ni kwamba samaki hawadhuriki, wala ng'ombe anayekunywa maji hayo, wala binadamu. Matumbo yao hayana mahali pa sumu hiyo kujishikiza.

Matokeo ya jaribio la Mbita yalitangazwa mwaka wa 2006: viluwiluwi, na hata kuumwa na mbu wa malaria, vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Hata hivyo, msomaji, usidhani kazi imekwisha. Dawa hii haidumu majini. Hapa Mbita ilibidi inyunyizwe kila wiki, mtaro kwa mtaro, hadi kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Isitoshe, kiluwiluwi akishageuka buu halili tena, na asiyekula hafi. Chandarua bado kinahitajika.

Jioni ile nilimkuta Shangazi ameshika jembe, akifukia shimo lililo karibu zaidi na nyumba. Nilitaka kumpokea, akakataa.

"Chukua jembe jingine," akasema. "Mashimo ni mengi."