Kichwa Kinachowasha Katika Mji wa Würzburg

Mtu akienda nchi za baridi huonywa habari za koti, viatu na soksi. Habari za ngozi ya kichwa hakuna amwambiaye. Mimi ni karani wa parokia, si mganga. Nasema niliyoyaona na kuelezwa huko Würzburg, mji wa Ujerumani wenye udugu na mji wetu wa Mwanza tangu mwaka 1966. Nilikaa huko miezi sita, kuanzia Oktoba.

Mji ni mzuri. Mto Main unapita katikati, na vilima vya kandokando vimepandwa mizabibu. Ndiko Profesa Röntgen alikogundua miale ya eksirei mwaka 1895. Lakini nchi ile ni ya mawe ya chokaa, na maji hupita humo kabla ya kufika bombani. Birika la kuchemshia maji hufanya ukoko mweupe ndani. Ukioga kwa sabuni ya kipande, povu ni haba, na utando hubaki katika nywele. Tena wakati wa baridi nyumba hutiwa joto, na hewa ya ndani hukauka sana.

Kufika Desemba kichwa kiliniwasha hata usingizi ukanipungua. Unga mweupe ulianguka mabegani, juu ya koti jeusi, watu wakiona. Nanyi mwajua aibu ya mgeni kujikuna mezani: wenyeji watadhani ana chawa.

Sasa shikeni jambo hili, maana mmoja wenu au mtoto wenu aweza kupelekwa huko. Maduka ya Ujerumani ni ya namna mbili. Duka liitwalo Drogerie huuza sabuni, mafuta, na shampuu za kila siku. Dawa zenyewe huuzwa Apotheke. Alama yake ni herufi A kubwa nyekundu, yenye kikombe na nyoka. Usiku ikifungwa, tangazo mlangoni hukuonyesha Apotheke ipi ina zamu. Maneno ya kujifunza ni machache: Kopfhaut ni ngozi ya kichwa, juckt ni inawasha, na Schuppen ni mba. Neno hilohilo Schuppen ndilo la magamba ya samaki!

Mama mwuza dawa hakukimbilia kuniuzia. Aliuliza kwanza: Tangu lini? Kuna vidonda? Nywele zinakatika? Unapaka nini? Kisha akaeleza kwamba juu ya ngozi ya kila mtu huishi fangasi wadogo wasioonekana, ambao hula mafuta ya ngozi. Wakizidi, ngozi huwasha na kutoa mba. Kwa hiyo kumwagia mafuta kichwa chenye mba ni kuwalisha fangasi.

Alinipa shampuu yenye dawa ya ketokonazoli. Huoshwa mara mbili kwa juma, kwa majuma 2 hadi 4. Povu liachwe kichwani dakika 3 hadi 5, ndipo lisuuzwe kabisa. Atakayelisuuza mara moja, dawa haikupata nafasi ya kufanya kazi. Wala si vema kuosha kila siku kama wafanyavyo wenyeji wengi, maana nywele zetu za kipilipili hukauka na kukatika. Juma la tatu nililala usiku kucha. Kwa vitana na kusuka, Waafrika wa huko hupanda treni, saa moja na zaidi, mpaka Frankfurt, ambako karibu na stesheni kuu pana saluni za watu wetu.

Na ninyi mlio nyumbani, msidhani kila kuwashwa ni mba. Watoto wetu hupata mapunye: mabaka ya mviringo, nywele zikikatika. Hao ni fangasi wengine, waingiao ndani ya unywele wenyewe, na shampuu peke yake haiwatoi. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, apewayo na mganga. Mpelekeni zahanati mapema, kabla hajawaambukiza ndugu zake. Msiazimane vitana wala kofia, na kinyozi asafishe mashine yake kabla ya kumnyoa mwingine.

Basi, ulizeni kwanza kichwa kinawasha kwa sababu gani. Fedha ya dawa itoke baadaye.