Moshi Utapita Wapi?

Oktoba ikifika hapa Minnesota, simu yangu huanza kuita. Ni Watanzania na Wakenya wenzangu walionunua nyumba, na kwa kuwa riziki yangu naipata kwa kufunga mitambo ya kupasha nyumba joto, karibu wote huanza vilevile: "Kaka, tanuru langu la gesi limechoka, jipya litanigharimu kiasi gani?" Ni swali la haki. Mashine na ufundi wake ni maelfu ya dola, na bila joto nyumba huku haikaliki: tarehe 30 Januari 2019, kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Lakini kabla ya bei mimi huwauliza langu: moshi wake utapita wapi?

Nilikulia Njombe. Juni na Julai, baridi ya kule ikikaza, jiko la mkaa huingizwa chumbani, mlango hufungwa, watu wakalala. Wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu, moshi umekwisha na hatari imekwisha nayo. Imani hiyo inaua. Mkaa usiotoa moshi wa kuonekana bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea. Akiwa Njombe atasema ni malaria. Akiwa Minneapolis atasema ni mafua. Akijilaza apumzike kidogo, huenda asiamke.

Tanuru la gesi nalo ni moto ndani ya nyumba, ila moto wake umefungiwa ndani ya chuma. Gesi inaungua upande mmoja wa kuta za chuma, hewa ya nyumba inapulizwa upande wa pili, inachukua joto na kupanda vyumbani, na moshi unatoka nje kwa bomba lake. Hewa hizo mbili hazitakiwi kukutana hata siku moja. Tanuru la kisasa hulihakikisha hilo kabla ya kuwaka: feni ndogo inaanza kuvuta hewa kuelekea bombani, swichi ya mgandamizo inathibitisha kwamba njia iko wazi, ndipo kiwashio kinapokuwa chekundu na vali ya gesi kufunguka. Kihisi kisipouona mwali ndani ya sekunde chache, gesi inakatwa.

Kwa hiyo nashtuka kila ninapokuta swichi hiyo imerukwa kwa kipande cha waya. Hadithi yake huwa ni ileile. Tanuru lilikataa kuwaka usiku wa baridi, mtu akaitwa, akaona swichi ndiyo mbovu, akaunganisha nyaya mbili, joto likarudi, akalipwa. Kumbe tanuru lilikuwa linasema njia ya moshi imeziba, naye akalinyamazisha.

Kuna hatari nyingine inayowapita hata mafundi wenye nia njema. Nyumba nyingi za zamani za Minneapolis na St. Paul zina dohani moja ya matofali inayotumiwa na mashine mbili, tanuru na hita ya maji ya kuoga. Tanuru jipya, lile linalotumia zaidi ya asilimia 90 ya joto la gesi, halihitaji dohani. Moshi wake umepoa kiasi cha kutolewa kwa bomba la plastiki linalopitishwa ukutani. Mwenye nyumba anafurahia bili kushuka. Huku nyuma, hita ya maji imeachwa peke yake kwenye dohani kubwa mno kwake, na dohani yenyewe sasa ni ya baridi. Moshi wake mdogo unashindwa kupanda, unageuka na kumwagika chumbani. Tanuru limefungwa vizuri kabisa, na nyumba ni ya hatari kuliko jana. Dawa yake ni kupitisha bomba jembamba la chuma ndani ya dohani ile, au kubadilisha na hita pia. Gharama hiyo iulizwe mapema, kabla ya kukubaliana bei.

Nyumbani fundi tunampata kwa kumjua. Amemfungia jirani, anasali msikiti uleule, akiharibu tutamwona kesho. Naiheshimu njia hiyo, maana aibu nayo ni ulinzi. Lakini kazi yake haiangaliwi na mtu wa pili. Huku unachukuliwa kibali cha manispaa, na kazi inakaguliwa. Bomba jipya la gesi linajazwa upepo na kufungwa geji. Mshale ukishuka, gesi haifunguliwi. Mkaguzi anatazama mteremko wa bomba la moshi, vali ya kufungia gesi karibu na mashine, na hewa ya kuunguzia inatoka wapi. Hana undugu na fundi wala na mwenye nyumba, na hapo ndipo ninapompendea. Anayekwepa kibali ili ampe kazi kijana wetu kwa bei ya kindugu ameutupa ulinzi wa huku, na ule wa nyumbani hakuja nao. Maji ya sabuni kwenye viungo ni yaleyale Njombe na Minnesota, na bado sijaona kipimo cha mvujo kilicho rahisi kuliko hicho.

Mambo haya yanazidi kuihusu Tanzania. Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Mtwara na Lindi zimeshaunganishwa na TPDC, shirika la petroli la taifa, kwenye gesi asilia ya bomba. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Gesi asilia ni nyepesi, hupanda darini, kwa hiyo matundu ya juu ya dirisha yana kazi kubwa zaidi. Vifaa navyo havibadilishani hivihivi. Hapa mashambani watu hutumia propani ya tangi, na tanuru la gesi asilia likipewa propani bila kubadilishiwa nozeli na mgandamizo, linapokea moto kupita kiasi, linatoa masizi na ile sumu isiyoonekana. Jiko la mtungi linalohamishiwa kwenye bomba, au la bomba linalopelekwa kwenye mtungi, lipite kwanza kwa fundi anayejua tofauti hiyo.

Nyumba tulizokulia zilikuwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Zinazojengwa sasa zina madirisha ya alumini na kiyoyozi, zimebana kama za huku, ila bila bomba la moshi. Akija fundi kukufungia hita ya maji ya gesi ndani ya bafu lisilo na dohani, mkatalie, hata kama ni shemeji yako. Ifungwe ukuta wa nje.

Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksaidi kiwe ndani ya futi 10, yaani kama mita 3, kutoka kila chumba cha kulala. Vya betri havihitaji fundi na vinabebeka kwenye begi; tarehe ya mwisho wa matumizi imeandikwa nyuma, itazameni kabla ya kununua. Wanaokwenda likizo Njombe, Makete au Limuru nawasihi wawapelekee wazee kimoja, na wawaeleze wazi kwamba hakiruhusu jiko la mkaa kulala chumbani. Kikilia, wote watoke nje kwanza, watoto na wagonjwa wakitangulizwa, na simu ipigwe wakiwa uani.