Mahali pa Kuulizwa

Kila nyumba ina mlango, na kila mlango una mwenyewe. Apigaye hodi haudhiki akiulizwa jina lake, atokako na amtakaye. Kuuliza ni haki ya mwenye nyumba, na kujibu ni adabu ya mgeni. Yaliyo kweli kwa nyumba ni kweli kwa nchi. Lakini yuko aulizwaye akiwa amekwisha ingia ukumbini, ameketi ubavuni mwa mwenziwe. Na yuko aulizwaye nje, mbali na kila mtu amjuaye. Swali laweza kuwa moja, na jibu likawa moja, ila waulizwao hawamo katika hali moja. Jambo hili huonekana wazi katika habari za mume na mke ambao mmoja wao ni raia wa Marekani na wa pili ni mgeni.

Sheria ya Marekani humruhusu raia kumwombea mwenzi wake idhini ya kuja kukaa naye. Mgeni akiwa yumo ndani ya nchi hiyo, naye aliingia kwa ruhusa, aghalabu aweza kuyamaliza mambo yake huko huko. Huitwa na ofisi ya uhamiaji pamoja na mwenzi wake, wakaketi viti viwili mbele ya meza moja. Mmoja akisahau tarehe, mwingine yupo. Lakini mgeni akiwa nje, safari ya hati zake huwa ndefu. Ombi la raia likikubaliwa hupelekwa katika kituo cha viza cha taifa, kilichoko Portsmouth katika jimbo la New Hampshire. Huko hulipwa ada, hukusanywa vyeti, na raia huweka ahadi kwa maandishi kwamba atamtunza mgeni wake. Kwa kawaida pato lake hutakiwa lisipungue asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali. Yakiisha hayo, mgeni hupangiwa siku ya kuhojiwa katika ubalozi wa Marekani wa nchi anamokaa. Raia halazimiki kuhudhuria. Na nchi hiyo ikiwa haina ofisi itoayo viza za namna hii, ubalozi wa nchi nyingine huteuliwa mahali pake. Mume hachagui mahali, wala mke hachagui.

Somalia ni nchi mojawapo ya namna hiyo. Ubalozi wa Marekani wa Mogadishu ulifungwa Januari 1991, vita vilipoingia mjini. Ulifunguliwa tena mwaka 2019, lakini Wasomali waombao viza za uhamiaji wameendelea kuelekezwa Nairobi. Miongoni mwa waliopita njia hiyo alikuwamo mke mmoja wa Barawa.

Barawa, ambao wenyewe huuita Miini, ni mji wa kale wa pwani, ulioko kiasi cha kilomita 200 kusini magharibi ya Mogadishu. Lugha ya wenyeji wake ni Chimwini, ndugu wa kaskazini wa Kiswahili. Vita vya mwaka 1991 viliwatawanya watu wa mji huo: wengi walishuka Mombasa kwa vyombo vya baharini, na baadhi yao wakapelekwa Marekani katika miaka ya 1990. Mume wa mke huyu alikuwa mmoja wa watoto waliopakiwa katika vyombo hivyo. Alikulia Columbus, katika jimbo la Ohio, akapata uraia, akawa fundi wa umeme. Mke alizaliwa na kukulia Barawa, na ujana wake ulipita katika miaka ambayo mji ulikuwa mikononi mwa al-Shabaab, mpaka walipotolewa Oktoba 2014.

Nikahi yao ilifungwa Barawa mwanzo wa mwaka 2015. Mume hakuwapo. Njia ilikuwa na hatari, na jamaa zake walimkataza kuja. Alimwakilisha ami yake, na ami akaketi mbele ya walii wa mke, mashahidi wawili wakiwapo, mahari ikatajwa, naye akaipokea nikahi kwa niaba ya mwana wa nduguye. Simu iliwekwa juu ya busati katikati ya wazee, na dua ilipoombwa sauti kutoka Ohio ikasikika ikiitikia amina. Kisha watu wakala halua, wakanywa kahawa. Methali husema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Lakini katika sheria ya Kiislamu ndoa ya wakili ni ndoa timamu, na siku ile asiyekuwapo alikuwa na lake, tena lililo kubwa kuliko la wote waliokuwapo.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani huona vingine. Ndoa ambayo wawili hao hawakuwa pamoja ilipofungwa haihesabiwi kuwa ni ndoa, mpaka wawe wamekutana baadaye faragha kama mume na mke. Agosti ya mwaka ule ule mume alikuja Mombasa, na mke akaja Mombasa, wakapanga chumba katika Mji wa Kale, wakakaa siku arobaini. Mke alizihesabu siku zile kuwa ni fungate. Sheria ilizihesabu kuwa ni ndoa yenyewe. Mume, ambaye alikwisha onywa na mjuzi wa sheria, alizihifadhi stakabadhi za kodi ya chumba, akapiga picha mbele ya Ngome ya Yesu, na kila mmoja akatunza pasi yake yenye muhuri wa kuingia Kenya na wa kutoka. Mke alimcheka kwa kukusanya karatasi kama karani wa forodha. Baadaye hakumcheka tena. Mwisho wa mwaka mume alipeleka ombi lake, na mke alikuwa amekwisha rudi Barawa kumtunza mamaye.

Siku ya kuhojiwa ilipangwa Novemba 2017. Mke alikwenda Mogadishu kwa gari na Nairobi kwa ndege, akafikia kwa jamaa Eastleigh, akapimwa afya na daktari aliyeteuliwa. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Daftari za serikali ya Somalia zilipotea katika vita, na serikali ya Marekani yenyewe hukiri kwamba Msomali hawezi kutazamiwa kuzipata. Mahali pa cheti alichukua viapo vya wazee viwili, picha za nikahi, na zile stakabadhi za Mombasa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo jamaa walikaa naye wakampa shauri. Mmoja wao, mtu mzima aliyempenda, alimwambia, “Mwanangu, ukiulizwa kama mume alikuwapo siku ya nikahi, sema alikuwapo. Habari za wakili zitawachanganya, nao wataiona ndoa yako kuwa ni ya mchezo.” Shauri lilitoka katika huruma, lakini lilikuwa na sumu. Mwenye kusema uongo kwa kusudi katika jambo kubwa la viza huweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Mke hakuijua kanuni hiyo. Alijua tu kwamba mume hakuwapo, na kwamba picha alizochukua zilionyesha ami ameketi, na simu juu ya busati.

Ubalozi wa Marekani wa Nairobi uko Gigiri. Zamani ulikuwa katikati ya mji, mpaka bomu la tarehe 7 Agosti 1998 lilipoubomoa na kuua watu zaidi ya 200. Huu wa sasa umejengwa mbali na barabara, nyuma ya kuta na walinzi. Mtu atokaye Barawa hahitaji kuelezwa sababu ya ukuta. Mke aliiacha simu yake kwa jamaa aliyemsindikiza, akaingia peke yake. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Columbus ilikuwa saa saba ya usiku, na mume alikuwa macho, ameketi jikoni mwake, simu iko mezani, hana la kusema na hana wa kumwambia.

Mke aliweka vidole katika mashine, akainua mkono wa kuume, akaapa kusema kweli. Ofisa alikuwa kijana mwenye adabu, nyuma ya kioo. Maswali yalikuja kwa Kiswahili, naye akayajibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Miini. Mumewe ana ndugu wangapi? Anafanya kazi gani? Anaamka saa ngapi? Kisha likaja swali lililotazamiwa.

“Siku ya nikahi mumeo alikuwa wapi?”

“Ohio. Hakuwapo. Aliyekuwapo ni ami yake, alikuwa wakili wake.”

“Baada ya hapo mlionana lini?”

Mke aliinamisha macho. Katika mji wake hapana mwanamume ambaye angethubutu kumwuliza neno hilo, hata babaye. Bibi yake angeweza kuulizwa kwa ajili yake, au shangazi, au mume angejibu naye akanyamaza. Lakini hapakuwa na mwingine dirishani. “Mombasa,” akasema, “mwezi wa nane. Tulikaa siku arobaini.” Akazitoa stakabadhi moja baada ya moja, akazipitisha chini ya kioo. Ofisa alizitazama, akaitazama picha yenye simu juu ya busati, akaandika. Mwisho alimshukuru, akampa karatasi ya kumjulisha kwamba uchunguzi wa faili lake haujaisha.

Haukuisha kwa heri. Tarehe 4 Desemba 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliruhusu amri ya Rais ya mwezi Septemba itumike kwa ukamilifu wakati kesi yake ikiendelea, na amri hiyo iliwazuia Wasomali kupewa viza za uhamiaji, isipokuwa wachache waliosamehewa mmoja mmoja. Mke hakusamehewa. Kweli aliyoisema haikukataliwa, ila haikumfaa kitu.

Mamaye alipofariki, mke alihamia Mombasa, na mume akawa anakuja kila mwaka kwa majuma machache. Mwaka 2019 walipata mtoto wa kike. Mtoto wa raia aliyeishi Marekani miaka inayotakiwa na sheria huwa raia tangu kuzaliwa, ijapokuwa amezaliwa ng'ambo. Basi wakaenda Gigiri watatu, kumwandikisha. Mtoto wa miezi mitatu akatoka na uraia. Mama aliyembeba akatoka kama alivyoingia.

Amri ile ilifutwa tarehe 20 Januari 2021. Walionyimwa kabla ya tarehe 20 Januari 2020 walielezwa kwamba hawana budi kuomba upya na kulipa ada upya. Mke aliomba upya. Mwaka 2022 alihojiwa mara ya pili dirishani Gigiri, mtoto akiwa mapajani. Maswali yalikuwa machache, na viza ikatoka. Alifika Columbus miaka saba baada ya nikahi.

Wako watakaosema kwamba mwisho mwema hufuta taabu. Pengine, lakini mwisho huo haukuletwa na haki iliyodaiwa na mtu. Mgeni aliyekataliwa katika ofisi ya ndani ya Marekani aghalabu aweza kulieleza jambo lake tena mbele ya hakimu wa uhamiaji, akipelekwa kwake ili atolewe nchini. Aliyekataliwa dirishani mwa ubalozi hana hakimu wa namna hiyo. Mahakama za Marekani, isipokuwa kwa sababu chache mno, hazichunguzi uamuzi wa ofisa wa viza. Raia mmoja mwanamke, Sandra Muñoz, ambaye mumewe alihojiwa San Salvador na kunyimwa viza mwaka 2015, alijaribu kuufungua mlango huo kwa haki yake mwenyewe ya ndoa. Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama Kuu Kabisa ilimjibu kwamba raia hana haki ya msingi, katika katiba, ya kutaka mwenzi wake mgeni aingizwe nchini. Kwa hiyo kuuliza “wapi” si kuuliza habari ya ramani tu. Hatua chache za mpaka huamua kama mtu ataulizwa akiwa na mwenziwe au peke yake, na kama likiharibika neno patakuwa na wa kulisikiliza.

Na mambo hayakutulia. Juni 2025 Wasomali walizuiwa tena kwa amri mpya, ila wake na waume wa raia walibakizwa nje ya katazo wakileta ushahidi ulio wazi. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kibakizo hicho nacho kiliondolewa. Lau bibi huyu angalichelewa kwa miaka minne, kweli yake na stakabadhi zake zote zingalikuwa mbele ya mlango uliofungwa.

Hapana ubishi kwamba nchi ina haki ya kuuliza. Ndoa za uongo zipo, na aulizaye asipouliza kwa makini atadanganywa. Lakini ndoa ina watu wawili, na kumwuliza mmoja tu, katika nchi ambayo si ya mume wala ya mke, ni kuipima mizani kwa sahani moja. Nikahi ya Barawa ilijua namna ya kumweka asiyekuwapo mahali pake. Sheria iliyo na vyombo vyote vya zama hizi haikosi uwezo wa kufanya vivyo hivyo. Yawezekana imekosa nia.

Picha ile ya nikahi sasa imetundikwa ukutani, katika nyumba ya Columbus. Mtoto, aliyekwisha anza shule, huwahesabu wazee mmoja mmoja, kisha humwuliza mamaye baba yuko wapi. Mke ambaye chini ya kiapo alisema hakuwapo, akasema kweli, huweka kidole juu ya simu iliyo katikati ya busati.

“Huyu hapa,” humwambia.