Mkienda Hell's Gate na watoto, kumbukeni mwamba una adabu zake

Ukitoka Nairobi asubuhi mapema, Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate iko umbali wa kilomita 90 hivi. Unafuata barabara inayopita kusini mwa Ziwa Naivasha, unakata kushoto hadi lango la Elsa, unalipa kiingilio, kisha unaingia kwa gari, kwa baiskeli ya kukodi au kwa miguu. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambapo mzazi anaweza kutembea na mtoto huku punda milia na swara wakila nyasi kando ya njia.

Muda mfupi baada ya lango, watoto watapiga kelele. Wameona Fischer's Tower, nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25 hivi, iliyosimama peke yake kama mtu anayesubiri matatu. Imepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika pande hizi mwaka 1883. Wamaasai wana kisa chao kuhusu mwamba huo: kwamba ni binti aliyegeuka jiwe alipotazama nyuma, kuelekea kwao, siku alipokuwa akipelekwa kuolewa.

Wikendi, chini ya mwamba huu hukutana watu wa kila aina. Kuna wapandaji waliokuja na kamba zao. Kuna vijana wa hapa Naivasha wanaokodisha vifaa na kuwasaidia wageni kupanda. Kuna wanaopiga picha za harusi, kuna waendesha baiskeli wanaotafuta kivuli, na kuna familia iliyotandaza shuka na kufungua chapati. Juu ya mawe kuna pimbi wanaosubiri makombo. Kila mmoja amelipa kiingilio, na kila mmoja anahisi mahali hapa ni pake.

Na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Kamba iliyoning'inia tu

Siku niliyokwenda, kundi moja kubwa la wanafunzi lilikuwa limefunga kamba kwenye njia rahisi zaidi ya kupanda, ile inayowafaa watoto na wanaoanza. Kamba ilikuwa pale tangu asubuhi. Ilipofika saa sita, wanafunzi walikuwa wanakula na kucheza, na kamba inaning'inia bila mtu. Wakaja baba mmoja na binti yake wa miaka kama kumi, wamevaa kofia ngumu, tayari kupanda.

"Samahani mwalimu, mnaitumia hii njia?" baba akauliza.

"Tunaitumia. Tumefika kwanza," mwalimu akajibu bila kusimama.

Msichana akamtazama babake. Baba hakubishana. Akaketi. Baada ya nusu saa akarudi na kuuliza tena, safari hii akiomba binti yake apande mara moja tu kati ya zamu za wanafunzi. Mwalimu akakubali, na akamwonyesha mtoto pa kuweka mguu wa kwanza.

Kisa hiki ni kidogo, lakini ndicho kinachojirudia kwenye miamba ya kupandia dunia nzima. Aliyefika kwanza ana haki ya kupanda kwanza, si haki ya kumiliki njia kutwa nzima. Kundi kubwa likifunga kamba kwenye njia moja, adabu ni kuiondoa wasipoitumia au kuwaachia wengine zamu. Na anayetaka kutumia kamba ya mwenzake huomba, hashiki tu. Kamba hiyo inabeba uhai wa mtu, na mwenyewe ndiye anayejua imefungwa vipi na ina umri gani.

Ndiyo maana pia hatukanyagi kamba ya mtu. Mchanga mdogo unaoingia ndani ya nyuzi huzikata polepole, na uharibifu huo hauonekani kwa macho. Mfundishe mtoto kuiruka kamba iliyolala chini, kama anavyoruka mkeka wa wanaosali.

Jiwe halichagui

Jambo la pili ni la afya, na hapa nazungumza kama mwandishi wa habari za afya. Anayepanda hulegeza mawe bila kutaka. Jiwe la ukubwa wa limau likianguka kutoka mita 20 hufika chini kwa takriban sekunde mbili, likiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Fuvu la mtoto haliwezi kushindana nalo.

Wapandaji wana kelele moja wanayopiga kitu kinapoanguka: "Jiwe!" Wengine husema kwa Kiingereza. Ukiisikia, usiangalie juu. Watu wengi huinua uso kutafuta jiwe liko wapi, na uso ndio unaoumia. Sogea karibu na ukuta wa mwamba, inamisha kichwa, mfunike mtoto.

Lakini kinga bora ni kutokuwa hapo. Kivuli cha mwamba kinavutia wakati wa jua kali, na shuka la chakula hutandazwa pale pale mpandaji anapopita juu. Kijana mmoja mwongozaji nilimsikia akimwambia mzazi, "Mama, tafadhali mvute mtoto nyuma kidogo, kuna mtu juu." Mama akajibu kwamba mwamba si wa wapandaji peke yao. Ni kweli, si wao peke yao. Hata hivyo kijana hakuwa anadai mwamba. Alikuwa anaomba nafasi ya mita chache mpaka aliye juu ateremke.

Na yule anayeshika kamba chini, usimsemeshe. Mtoto akimvuta shati kumwuliza swali, mkono ukilegea, aliye juu ndiye anayelipa. Maswali yasubiri mpandaji afike chini.

Nyuki na makelele

Miamba ya kwetu ina jambo ambalo miamba ya Ulaya haina kwa kiwango hiki: nyuki wakali. Hujenga kwenye nyufa za mwamba, na huchokozwa na moshi, makelele, mawe yanayorushwa na harufu kali ya manukato.

Wewe uliye chini unaweza kukimbia. Aliye juu, amefungwa kwenye kamba, hawezi. Kwa hiyo kijana anayewasha spika kubwa chini ya mwamba, au mtoto anayerusha mawe kwenye ufa "kuona kuna nini", anaweza kumponza mtu asiyemjua.

Nyuki wakivamia, kimbieni mbali na mwingie kwenye gari au jengo, mkifunika uso. Msiwapige kwa mikono. Mkiwa salama, toeni miiba haraka kwa kukwangua. Aliyevimba midomo au ulimi, anayepumua kwa shida, au aliyeumwa mara nyingi, hasa mtoto, apelekwe hospitali mara moja.

Wenyeji wa juu

Ukitazama kuta ndefu za korongo, utaona michirizi meupe kama rangi iliyomwagika. Hicho ni kinyesi cha tumbusi. Tumbusi wa Rüppell hujenga viota kwenye majabali kama haya, na jike hutaga yai moja tu kwa msimu. Ndege huyu ndiye aliyegongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, kwenye kimo cha takriban mita 11,300. Tangu mwaka 2015 yumo kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Mpandaji akipita karibu na kiota, mzazi huruka na kuacha yai au kinda kwenye jua. Yai likipotea, mwaka mzima umepotea.

Kwa nini familia ijali ndege asiyependeza sura? Kwa sababu anakula mizoga kabla haijaoza. India, tumbusi walipokufa kwa wingi kuanzia miaka ya 1990 baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya diklofenaki, mbwa wa mitaani waliongezeka, na mbwa ndio wanaoeneza kichaa cha mbwa. Kwa hiyo askari wa wanyamapori akisema ukuta fulani haupandwi msimu huu, analinda pia watoto wetu. Uingereza wapandaji na wahifadhi hukubaliana kila mwaka ni miamba ipi iachwe wakati kozi wanapolea makinda, na tangazo huwekwa mapema ili mtu asisafiri bure.

Mwamba wenye heshima yake

Kuna magombano ambayo hayahusu zamu wala usalama. Huko Wyoming, Marekani, kuna jabali kubwa liitwalo Devils Tower. Walakota na mataifa mengine ya wenyeji wa asili hulihesabu kuwa mahali patakatifu, na mwezi wa Juni ni mwezi wao wa ibada. Tangu mwaka 1995 wasimamizi wa hifadhi hiyo huwaomba wapandaji wasipande mwezi huo. Ni ombi tu, hakuna faini. Wengi huliitikia, na wachache hupanda tu, wakisema ardhi ni ya umma.

Australia walifika mbali zaidi. Waanangu, wenye ardhi ya Uluru, waliwaomba watalii kwa miaka mingi wasipande mwamba huo. Hatimaye upandaji ulipigwa marufuku tarehe 26 Oktoba 2019. Wiki za mwisho kabla ya hapo watu walipanga foleni ndefu ili wapande kabla mlango haujafungwa. Walijua wenyewe hawataki, wakapanda.

Hapa kwetu hakuna aliyekataza Fischer's Tower. Lakini ardhi hii ina wenyewe na ina kumbukumbu. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa Olkaria, jirani kabisa na mbuga, kupisha mradi wa umeme wa mvuke. Mtoto anayesimuliwa kisa cha yule binti kabla ya kugusa mwamba atajua kwamba anagusa kitu cha watu.

Neno "imefungwa"

Mwishoni mwa njia kuna korongo jembamba la Ol Njorowa, lenye chemchemi za maji moto. Linapendeza, na linaua. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kundi la kanisa. Septemba 2019 watu wengine saba walikufa kwa namna hiyo hiyo. Mvua huweza kunyesha mbali, nyinyi mkiwa kwenye jua, kisha maji yakafika kwa kishindo.

Askari akisema korongo limefungwa, utasikia watu wazima wakilalamika kwamba wametoka mbali na wamelipa. Watoto husikiliza. Wanajifunza hapo kama amri ya usalama ni kitu cha kutii au cha kujadiliana kwa kelele.

Kabla hamjaondoka nyumbani

Waambieni watoto mambo machache, kwa lugha yao:

- Kila mtu ana zamu. Tukimaliza kupanda, tunapisha.
- Tunauliza kabla ya kugusa kamba, kofia au kifaa cha mtu.
- Hatukai chini ya mtu anayepanda, na hatumsemeshi anayeshika kamba.
- Haturushi mawe, haturushi makombo kwa pimbi, hatuwashi muziki.
- Haja tunamalizia chooni kabla ya kwenda kwenye mwamba, na takataka zinarudi na sisi.

Mzazi, beba maji ya kutosha, kofia za jua na dawa za huduma ya kwanza. Kama mtoto atapanda, hakikisha amevaa kofia ngumu inayomkaa vizuri na mshipi unaombana kiunoni, na mwulize mwongozaji nani atashika kamba. Mwongozaji mzuri hatakasirika kuulizwa.

Nendeni mapema. Kufikia saa tatu asubuhi mwamba bado una ubaridi, pimbi wanaota jua, na foleni ya kamba ni fupi.