Nilidhani naficha gari, kumbe nachezea saa ya mnara

Wasee, hii ni aibu yangu, lakini nitaisema.

Mwaka jana nilikuwa naendesha gari ya mtu, zile teksi za kuitwa kwa simu. Mdosi alikuwa ameweka traka. Nikisimama anajua, nikipeleka shosho hospitali kwa mafuta yake anajua, na jioni lazima anipigie simu ya maswali. Jamaa mmoja pale stendi akaniuzia kidude kidogo, saizi ya kidole gumba, unachomeka pale pa kuwashia sigara. "Ukiweka hii, gari inapotea kwa ramani." Na kweli ikapotea. Mdosi akiuliza, namwambia traka yake ni ya bei rahisi.

Nikiwa kazini nilikuwa nakichomoa, maana hata ramani yangu ilikuwa inakufa. Jioni nachomeka tena. Na kwa vile soketi ya ile gari haikuzimika hata ukitoa funguo, mara nyingi nilikisahau kikawaka mpaka asubuhi.

Sasa, Jumapili moja mjomba akaja kula kwetu. Yeye ni fundi, kazi yake ni kupanda minara ya simu. Nikamweleza ujanja wangu nikitarajia acheke. Hakucheka. Akaniuliza, "Gari unailaza wapi?"

"Hapo tu chini ya mnara, kuna mlinzi."

Akaweka kijiko chini. "Unajua saa ya mnara inatoka wapi?"

Sikujua hata kama mnara una saa. Mimi GPS nilijua ni ya ramani, basi. Kumbe setilaiti za GPS, zilizo juu kama kilomita 20,000, zimebeba saa za atomiki, na kitu cha kwanza zinachotuma chini ni wakati. Simu yako inajua uko wapi kwa kupima ishara zilichukua muda gani kufika. Mnara wenyewe hauendi popote, hauhitaji kujua uko wapi. Unachotaka ni ile saa. Ndiyo maana minara mingi ina antena ndogo kama uyoga inayotazama juu.

Saa ya nini? Mjomba alinipa mfano wa barabara inayotengenezwa, magari yanapita upande mmoja kwa zamu. Wale vijana wawili wa bendera wakikubaliana zamu kwa saa, na saa ya mmoja ichelewe, magari yanakutana uso kwa uso katikati. Kwenye mitandao mingi ya 5G na baadhi ya 4G, kutuma na kupokea kunatumia masafa yale yale kwa zamu. Minara jirani lazima inyamaze na kusema pamoja, na saa zake hazitakiwi kutoka kwenye wakati sahihi kwa zaidi ya sehemu moja na nusu ya milioni ya sekunde. Mmoja ukipotoka, unapiga kelele wakati jirani anasikiliza.

Kuna minara inayoletewa wakati kwa kebo ya faiba, lakini ukifuata ile kebo hadi mwanzo wake, mara nyingi unakuta antena nyingine inaangalia setilaiti zile zile.

Na ishara hiyo ikifika ardhini ni dhaifu ajabu. Ni kama mtu anakunong'oneza kutoka upande wa pili wa soko la Gikomba. Kidude changu kilikuwa vuvuzela sikioni.

Mjomba hakunitisha kupita kiasi. Mnara una saa yake ya ndani ya akiba, ukipoteza setilaiti unaendelea kujihesabia. Lakini ile saa inateleza polepole, na kadiri ilivyo ya bei rahisi ndivyo inavyoteleza haraka. Ndiyo maana aliuliza gari inalala wapi. Kupita na kidude barabarani ni dakika moja. Kukilaza chini ya mnara ni usiku mzima.

Nikaenda kusoma. Tarehe 26 Januari 2016, Wamarekani walipokuwa wanastaafisha setilaiti moja ya GPS, wakati uliotangazwa na baadhi ya setilaiti ulikosea kwa sehemu 13 za milioni ya sekunde. Ramani za watu ziliendelea vizuri tu. Lakini vifaa vya kampuni za simu nchi mbalimbali vilitoa kengele za hitilafu kwa saa nyingi, na huko Uingereza redio ya kidijitali ya BBC ikasumbuka.

Halafu nikajikuta mimi mwenyewe. Dereva mmoja wa New Jersey aliweka kidude kama changu kwenye gari la kazi ili mwajiri asimfuate. Kikavuruga mitambo ya uwanja wa ndege wa Newark, na mwaka 2013 FCC ikapendekeza apigwe faini ya karibu dola 32,000. Sababu yake ilikuwa yangu kabisa, neno kwa neno.

Mtaani kwetu kila kitu kinapita kwa ule mnara. Tokeni za stima, kodi ya nyumba, mtu akipeleka mtoto hospitali usiku analipa kwa M-Pesa. Na mimi nilikuwa naulazia kelele kichwani kwa sababu ya mafuta ya mia tatu.

Nilikivunja kwa jiwe. Mdosi nikamwambia ukweli, akachukua funguo siku hiyo hiyo, na siwezi kumlaumu. Sasa niko kwa boda.

Madereva wenzangu, kama mdosi anakubana, bishana naye kuhusu mkataba. Hiyo vita ni yenu wawili. Na nyinyi mnaotuuzia bando, swali ni moja tu: saa ya juu ikipotea, minara yetu inaweza kujihesabia kwa muda gani kabla haijapotoka? Tuambieni, kwa saa na dakika.

Na kama kidude kiko kwa gari yako saa hii, kachomoe kwanza, halafu urudi tubishane kwa maoni.