Butembo: Usukani ukilia, usiunyamazishe kwa mafuta ya freni

Kwa wiki tatu, usukani wa Hiace ya dereva mmoja wa Butembo ulikuwa unalia. Asubuhi, akigeuza gari kwenye maegesho, sauti ilitoka chini ya viti kama mbuzi aliyefungwa kamba. Abiria walicheka. Naye alicheka, akaongeza mafuta kidogo, akaondoka kuelekea Lubero.

Hiyo ni barabara ya taifa namba 2, ya vilima na kona. Tangu vita vilipofika Kanyabayonga, mwezi wa Juni 2024, magari kama lake yamebeba familia nyingi zilizokimbia: magodoro juu, masufuria katikati, watoto mapajani.

Siku moja pesa ilikuwa kidogo. Muuzaji wa kando ya barabara alimwambia, "Papa, mafuta ni mafuta tu," akampa kichupa cha mafuta ya freni. Dereva akamimina. Siku chache baadaye, gari likiwa limejaa, usukani ukawa mzito ghafla kwenye kona. Aliuvuta kwa mikono miwili, lakini gurudumu moja likaingia mtaroni.

Hakuna aliyeumia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia kwa sauti ya chini: "Tulikimbia risasi, papa. Usituue kwa kona."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfikisha garajini.

Fundi mzee alianza na maswali. "Uliongeza mafuta mara ngapi?"

"Kila wiki, mzee."

"Na yalikuwa yanakwenda wapi?"

Dereva alikosa jibu. Mafuta ya usukani hayaungui kama ya injini. Yakipungua, yamevuja. Yalikuwa yakitoka kwenye maungio ya mpira unaotoka kwenye pampu, na pampu ikawa inavuta hewa pamoja na mafuta. Ndicho kilio kile. Mafuta ya freni yaliongeza ubaya, kwa sababu yanavimbisha na kulainisha mipira ya kuzuia uvujaji.

Kazi ilichukua siku mbili. Mpira mpya, vizuizi vipya, mfumo mzima ukasafishwa. Kisha fundi alisoma maandishi kwenye kifuniko cha kopo la mafuta. Toyota nyingi za zamani hutumia mafuta mekundu ya gia otomatiki, aina ya Dexron. Honda ina mafuta yake. Kinachoamua ni kifuniko au kitabu cha gari, si rangi wala maneno ya muuzaji.

Magurudumu ya mbele yakanyanyuliwa. Injini ikiwa imezimwa, usukani ukazungushwa polepole kutoka mwisho hadi mwisho, mara nyingi, huku mafuta yakiongezwa kidogo kidogo, hadi mapovu yakaisha. Hapo ndipo injini ikawashwa.

Fundi alimwachia mashauri matatu. Sauti kali kama filimbi, angalia kwanza mkanda. Kugonga kwenye mashimo, angalia rotuli. Na usishikilie usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache, pampu inapata joto.

Siku hizi, kabla ya kuita abiria, dereva huyo huinama kutazama chini ya gari. Akiona tone jekundu kwenye udongo, safari inasubiri.