Kicheko Kisichokuwamo: Dhihaka ya Kiingereza kwa Mwanafunzi Asemaye Kichina

Mwanafunzi asemaye Kichina, akitaka kueleza kwa Kiingereza jinsi mwenzake wa bwenini alivyomtania juu ya viatu vyake vipya, aghalabu hutumia kitenzi mock. Hakukusudia kulalamika. Msomaji Mwingereza, hata hivyo, huona mtu aliyedhalilishwa, na rafiki asiye na kosa hutiwa hatiani kwa kitenzi kimoja. Neno lililohitajika ni tease.

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko huu kimo katika kamusi za lugha mbili. Mock, ridicule, deride, jeer na hata taunt huweza kufasiriwa kwa neno lile lile, cháoxiào. Sehemu yake ya pili, xiào, maana yake ni kucheka, nayo imo pia katika jīxiào, chǐxiào, qǔxiào na lěngxiào, yaani kicheko baridi. Mwanafunzi basi huzoea kukitafuta kicheko ndani ya kila dhihaka. Kweli, ridicule na deride zina asili ya kitenzi cha Kilatini ridere, kucheka. Lakini sneer ni kazi ya uso, mdomo wa juu ukikunjwa upande mmoja, pengine pasipo sauti. Scoff ni kubeza jambo kwa kulikataa, na abezaye huenda amekasirika. Jeer ni kuzomea, shughuli ya umati. Taunt ni uchokozi: humtaka mchokozwa apandwe na hasira. (Mswahili, mwenye kuzomea, kubeza na kubetua midomo, angepata nafuu hapa.)

Sarufi nayo ina mitego, japo midogo: mock huchukua yambwa moja kwa moja, ilhali jeer, scoff na sneer kwa kawaida huhitaji at.

Mtego mzito zaidi ni fěngcì, ambamo cì ni kuchoma kwa ncha. Neno hilo hutumika kwa irony, sarcasm na satire. Kwa sababu hiyo mwanafunzi huweza kukiita kijitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1729, A Modest Proposal, sarcasm, kana kwamba ni kejeli aliyotupiwa mtu mmoja mezani.

Mwalimu anayeanza na fasili hurudi kwenye cháoxiào tu. Yaelekea ni afadhali aanze na viatu vile vipya, aulize ni nani aliyecheka, na kama mwenye viatu alicheka pia.